Barakoa na Kinyago: Historia ya Kufunika na Kufunua Katika Picha za Nyota

Kiswahili kina maneno mawili kwa kitu kifunikacho uso, wala maneno hayo hayana maana moja. Barakoa, neno lililotokana na Kiarabu, ni kitambaa kilichovaliwa na wanawake wa nyumba za kifalme za Unguja katika karne ya 19, na ambacho baadhi ya wanawake wa Omani na nchi nyingine za Ghuba wangali wakikivaa. Kitambaa hicho chafunika sehemu ya uso na kuacha macho wazi, na avaaye hubaki yeye yule. Kinyago ni kitu kingine. Katika ngoma za mapiko za Wamakonde wa kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji, mchezaji huvaa kinyago cha mti ili asiwe yeye tena machoni pa watazamaji: huja na uso mpya usiokuwa wake. Barakoa huziba mahali fulani ili pengine paonekane. Kinyago huweka uso mahali pa uso.

Waingereza hutumia jina moja kwa vyote viwili, na kwa jina hilo hilo huita chombo kimoja cha ufundi wa kupiga picha za mbingu. Chombo hicho hufunika nyota ili wingu lililo nyuma yake litengenezwe, au hufunika wingu ili nyota zishughulikiwe peke yake. Historia yake ni ya zaidi ya miaka mia na arobaini tangu shida iliyokizaa ilipodhihirika, na ndani ya historia hiyo maana zote mbili za maneno ya Kiswahili zimo. Picha fulani zimefanyiwa barakoa, na kwa hiyo zikaonyesha mambo ya kweli yaliyokuwa yamefichika. Nyingine zimevishwa kinyago. Makala haya yaeleza jinsi mambo hayo mawili yalivyotokea, na kwa nini ni lazima yatofautishwe.

I. Shida ya bamba moja

Neno nebula ni la Kilatini, na maana yake ni ukungu au wingu. Jina hilo lafaa, kwani kwa macho matupu vitu hivyo huonekana kama mawingu madogo yasiyosogea. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, alikwisha taja wingu dogo la namna hiyo katika kundi la Andromeda katika kitabu chake cha mwaka wa 964. Leo yajulikana kwamba hilo si wingu bali ni galaksi nzima, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota. Wingu lililo mashuhuri kuliko yote lipo katika kundi la Orioni, ambalo Waarabu waliliita Jabari. Ndani ya moyo wake mna nyota nne zilizokaribiana, na ndizo zitoazo sehemu kubwa ya nuru iliyoliwasha wingu lenyewe.

Jicho la mtu hutazama moyo huo, kisha huhamia pembeni penye giza, na kila mahali hujirekebisha lenyewe. Bamba la picha haliwezi kufanya hivyo. Likiachwa wazi kwa dakika chache, hupokea zile nyota nne na kukosa mabawa ya wingu. Likiachwa kwa saa nzima, hupokea mabawa, lakini moyo hugeuka kuwa doa moja lisilo na umbo. Tofauti ya mwangaza kati ya moyo na ukingo ni ya maelfu ya mara, na hakuna bamba wala karatasi ya kuchapia iwezayo kubeba tofauti hiyo yote kwa mara moja.

Shida hii haikuwapo mpaka mabamba yalipokuwa na nguvu ya kutosha. Tarehe 17 Julai 1850, huko Harvard, William Bond na John Whipple walipiga picha ya nyota Vega kwa njia ya Daguerre, lakini mawingu yalikuwa hafifu mno kwa njia hiyo. Mabamba ya majimaji yaliyoanza kutumika katika mwaka wa 1851 yalihitaji kutumiwa kabla dawa haijakauka, na kwa hiyo hayakuweza kungoja nuru hafifu kwa muda mrefu. Ni mabamba makavu ya jelatini, yaliyobuniwa na Mwingereza Richard Maddox katika mwaka wa 1871, ndiyo yaliyofungua mlango. Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper wa Marekani alipata picha ya kwanza ya nebula ya Orioni kwa darubini ya lenzi ya inchi 11, baada ya kuacha bamba wazi kwa dakika 51. Miaka mitatu baadaye, Andrew Common, huko Ealing karibu na London, alipiga wingu lile lile kwa darubini ya kioo cha inchi 36, na picha yake ilionyesha nyota ambazo jicho halikuwa limeziona hata kwa darubini. Kwa kazi hiyo alipewa nishani ya dhahabu na Chama cha Kifalme cha Falaki cha Uingereza katika mwaka wa 1884.

Kisha likaja jambo lililogusa nyota ambazo wakulima wa Afrika ya Mashariki wazijua vizuri. Kilimia, kundi ambalo jina lake latokana na kulima, na ambalo methali ya Kiswahili yahusisha kuzama kwake na mvua na jua, ni nyota kadhaa zilizokaribiana ambazo kila mwenye macho mazuri aweza kuzihesabu. Katika mwezi wa Novemba 1885, ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walipiga picha yake, na kando ya nyota mojawapo, iitwayo Maia, wakaona ukungu ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuona. Je, ulikuwa wingu, au doa la dawa katika bamba? Swali hili lilijibiwa katika mwaka uliofuata, wanafalaki wa Pulkovo, Urusi, walipouona ukungu huo kwa macho katika darubini yao kubwa ya inchi 30. Tangu hapo ilithibitika kwamba bamba laweza kuona lisiloonekana. Lakini ilithibitika pia kwamba kila jambo jipya lionekanalo katika picha ya mbingu hudai ushahidi wa pili.

II. Mkono katika chumba cha giza

Dawa ya kwanza ya shida ya Orioni ilikuwa mkono wa mchapaji. Katika chumba cha giza, nuru ya taa ilipitishwa katika bamba ikaangukia karatasi, na mchapaji aliweka kiganja chake, au kipande cha karatasi nene kilichofungwa katika kijiti, mbele ya sehemu aliyotaka ipate nuru kidogo. Alikitikisa kipande hicho wakati wote ili ukingo wa kivuli usionekane. Hii ndiyo barakoa ya kwanza, nayo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, haikuweza kufuata umbo la wingu, ambalo lina nyuzi na mikunjo isiyohesabika. Pili, haikuwa na kanuni. Mchapaji aliamua mwenyewe mahali pa kuziba na muda wa kuziba, na kazi ya leo haikuweza kurudiwa kesho ikawa sawasawa. Msanii aweza kufurahia uhuru huo, lakini mwanafalaki atakaye kupima hawezi.

Njia bora zaidi ilitoka nje ya falaki. Katika miaka ya 1930 mafundi wa picha za eksirei walianza kutumia nakala ya picha iliyofifishwa ili kupunguza tofauti za mwanga katika picha ya asili, na katika mwaka wa 1944 J. A. C. Yule alieleza njia hiyo kwa ukamilifu kwa ajili ya kazi za uchapaji. Kitu hicho kilipewa jina litokanalo na kutokuwa kikali kwa nakala hiyo, na kwa Kiswahili chaweza kuitwa barakoa butu. Jina hili lasema kweli yote: nguvu ya barakoa hiyo imo katika ubutu wake.

Aliyeiingiza kwa ukamilifu katika picha za nyota ni David Malin, mkemia wa Kiingereza aliyejiunga na kituo cha falaki cha Waingereza na Waaustralia huko Australia katika mwaka wa 1975. Kituo hicho kilikuwa na darubini kubwa ya kioo cha mita 3.9 katika mlima wa Siding Spring, na mabamba yake yalikuwa na habari nyingi kuliko zilivyoweza kuonyeshwa na karatasi yoyote. Malin alichapisha maelezo ya njia yake katika mwaka wa 1977.

Kazi yenyewe yaelezeka kwa urahisi. Dawa ya bamba iko upande mmoja wa kioo. Malin aliweka filamu tupu upande wa pili, hata unene wa kioo ukaitenga filamu na picha, kisha akapitisha nuru iliyotawanywa. Kwa sababu ya utengano huo na mtawanyiko huo, filamu ilipokea nakala hafifu isiyo na nyota wala nyuzi, ila vivuli vipana tu. Nakala hiyo ilikuwa kinyume cha bamba: palipokuwa peusi sana katika bamba, yaani palipong'aa sana mbinguni, palikuwa peupe katika filamu, na palipokuwa peupe pakawa na weusi wa kiasi. Filamu ilipofungwa pamoja na bamba, sehemu kwa sehemu, weusi wa vyote viwili ulijumlika, na tofauti kubwa ya moyo na ukingo ikapungua. Lakini nyuzi na mikunjo midogo haikupungua, maana filamu haikuwa na mikunjo hiyo hata iweze kuifuta. Basi moyo wa Orioni ukaonekana pamoja na mabawa yake katika karatasi moja.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba barakoa hii haikuchorwa na mtu. Ilitokana na bamba lenyewe, kwa nuru, kioo na dawa. Fundi alichagua unene wa utengano na nguvu ya dawa, lakini hakuchagua kwamba hapa pazibwe na pale paachwe. Mtu mwingine mwenye bamba lile lile na vipimo vile vile angepata barakoa ile ile. Ule uhuru wa mkono uliokuwa kasoro ya mchapaji ulikuwa umeondolewa.

Thamani ya njia hiyo haikukaa muda mrefu katika uzuri wa picha tu. Malin alikuwa na njia ya pili, aliyoieleza katika mwaka wa 1978, ya kunakili tabaka la juu la dawa peke yake, ambamo nuru hafifu kabisa huacha alama yake. Kwa njia hizo mbili yeye na David Carter walitazama galaksi za umbo la yai, ambazo wataalamu walizidhania kuwa laini na zisizo na sura yoyote ndani yake. Katika mwaka wa 1980 walitangaza kwamba baadhi yake zimezungukwa na magamba makubwa hafifu, kama maganda ya kitunguu, na katika mwaka wa 1983 walitoa orodha ya galaksi 137 za namna hiyo. Mwaka mmoja baadaye Peter Quinn alionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba magamba hayo yaweza kuwa mabaki ya galaksi ndogo iliyomezwa na kubwa, nyota zake zikiwa zingali zikipita huku na huku. Galaksi zilizodhaniwa kuwa tulivu zilikuwa na historia ya kumeza jirani zao, na historia hiyo ilikuwa imelala katika mabamba ikingoja kufunikwa sawasawa ili ionekane.

III. Kuziba nuru yenyewe

Yafaa kutofautisha barakoa ya picha na kizuizi kinachowekwa ndani ya darubini. Mfaransa Bernard Lyot, katika miaka ya mwanzo ya 1930, alitengeneza darubini yenye kisahani kidogo kinachoziba duara la jua, akaweza kuona taji lake la nuru bila ya kungoja kupatwa kwa jua. Kwa kanuni hiyo hiyo, katika mwaka wa 1984, Bradford Smith na Richard Terrile waliiziba nyota Beta Pictoris kwa darubini ya Las Campanas, Chile, na kando yake wakapata picha ya sahani ya vumbi iliyoizunguka, mfano wa malighafi ya sayari.

Vitu hivi viwili vyafanana kwa sura, lakini si sawa. Kisahani cha Lyot huzuia nuru kabla haijafika, na kwa hiyo huwezesha kurekodiwa jambo ambalo lisingerekodiwa. Barakoa ya picha huja baada ya nuru kufika, wala haiwezi kuongeza hata chembe moja ya habari. Ikiwa moyo wa wingu umejaa nuru kupita kiasi mpaka bamba halikuandika tofauti yoyote, hakuna barakoa itakayoirudisha tofauti hiyo. Sharti hili la kwanza ni jepesi kulitaja, lakini husahauliwa mara nyingi.

IV. Kutoka kioo hadi tarakimu

Katika mwaka wa 1969, Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, Marekani, walibuni kipande cha silikoni kinachogeuza nuru kuwa chaji za umeme zinazoweza kuhesabiwa. Kwa kazi hiyo walipata sehemu ya tuzo ya Nobel katika mwaka wa 2009. Kidogo kidogo kipande hicho kiliondoa mabamba katika vituo vya falaki. Picha ikawa jedwali la tarakimu, kila nukta moja ikiwa na kiasi chake cha nuru. Barakoa nayo ikawa jedwali la tarakimu, lenye ukubwa ule ule, na kila nukta yake ikiwa na thamani kati ya 0 na 1.

Kanuni yake ni hesabu ya kujumlisha na kuzidisha. Palipo na 1, badiliko analolifanya fundi hupita lote. Palipo na 0, picha ya asili hubaki kama ilivyo. Palipo na thamani ya katikati, huchanganywa vyote viwili kwa kadiri yake. Mathalan, nukta yenye nuru ya 100, ambayo badiliko lingeifikisha 300, ikiwa chini ya barakoa yenye thamani ya 0.25, itapata robo ya 300 na robo tatu ya 100, yaani 150. Desturi ya programu nyingi ni kwamba nyeupe hufungua na nyeusi hulinda, na fundi aweza kuigeuza barakoa wakati wowote ili iliyolindwa iwe wazi na iliyo wazi ilindwe.

Mafundi wa tarakimu wana haja ya barakoa mbili hasa. Wingu hafifu hudai kuinuliwa sana kutoka katika giza, lakini nyota zikiinuliwa kwa kiasi hicho hicho huvimba, hupoteza rangi zake, na kuwa madoa meupe yanayofunika wingu lenyewe. Kwa hiyo pahitajiwa barakoa ya nyota ya kuzilinda wakati wa kuliinua wingu, na barakoa ya nebula ya kulitenga wingu na giza lililo tupu, ili chembechembe za makosa ya umeme zilizo katika giza hilo zisiinuliwe pamoja nalo.

Barakoa ya nyota hutengenezwa kwa kutumia tofauti moja ya asili: ukubwa. Nyota yoyote iko mbali mno hata ingepaswa kuwa nukta moja tu, lakini hewa na lenzi huitawanya ikawa kiduara cha nukta chache. Wingu ni pana. Picha ya mwangaza hupasuliwa katika matabaka kwa ukubwa wa vitu vilivyomo, tabaka la kwanza likiwa la vitu vya nukta 1, la pili vya nukta 2, kisha 4, 8, 16, na kuendelea. Nyota nyingi hukaa katika matabaka ya mwanzo, na wingu hubaki katika yale ya mwisho. Matabaka ya mwanzo hukusanywa, na kila kilicho chini ya kiwango fulani hufutwa ili makosa ya umeme yasihesabiwe kuwa nyota. Kisha kila kiduara hupanuliwa kidogo, kwa sababu nyota huwa na duara hafifu la nuru linalozidi ukingo wake wa wazi, na mwishowe kingo hulainishwa. Hatua hii ya mwisho ni ule ubutu wa Malin uliorudi kwa sura nyingine. Barakoa yenye ukingo mkali huacha mstari katika picha, nayo barakoa butu hupita bila ya kuonekana.

Barakoa ya nebula hufuata njia ya kinyume. Huanzia mara nyingi katika picha iliyopigwa kwa nuru nyekundu ya haidrojeni yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, ambayo ndiyo nuru kuu ya mawingu mengi, maana humo wingu hutokeza na nyota hupungua nguvu. Matabaka ya nyota huondolewa, giza la nyuma hukatwa, na yaliyobaki hulainishwa.

Mitego si michache. Nyota kubwa zenye kung'aa sana huzidi ukubwa uliochaguliwa, zikaachwa nje ya barakoa. Mafundo madogo ya gesi na viini vya galaksi za mbali huingia ndani yake kwa kudhaniwa kuwa nyota. Na katika moyo wa Orioni, zile nyota nne na wingu linalozizunguka hushikamana hata programu ishindwe kujua kipi ni kipi. Hapo fundi hulazimika kusahihisha kwa mkono, na ule mkono wa chumba cha giza, uliokuwa umeondolewa kwa kazi ya Malin, hurudi mezani.

Historia ya majina nayo ina funzo lake. Programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa katika mwaka wa 1990, iliichukua barakoa butu pamoja na jina lake, na mamilioni ya watu wameitumia kuongeza ukali wa picha zao, wakistaajabu kwa nini chombo cha kunoa kimepewa jina la ubutu. Jibu limo katika unene wa bamba la kioo ambalo wengi wao hawakuliona kamwe. Kampuni ya Kihispania itengenezayo PixInsight, mojawapo ya programu zitumiwazo sana kwa kazi hii, yaitwa Pleiades Astrophoto, yaani kwa jina la Kizungu la Kilimia: nyota zile zile ambazo bamba la ndugu Henry lilizionyesha zikiwa ndani ya ukungu.

V. Pete nyeusi

Edward Barnard wa Marekani alitumia miaka mingi kupiga picha za Njia ya Maziwa, na ndani yake aliona mahali peusi pasipo na nyota. William Herschel, katika karne ya 18, alikuwa ameona mahali pa namna hiyo akapafikiria kuwa ni matundu katika mbingu. Barnard mwenyewe alisita kwa miaka mingi kabla ya kukubali kwamba mengi yake si matundu, bali ni mawingu ya vumbi yasiyo na nuru yanayoziba nyota zilizo nyuma. Katika mwaka wa 1919 alitoa orodha ya mahali 182 pa namna hiyo. Mbingu zenyewe, basi, zina barakoa zake, na ilichukua zaidi ya karne moja kwa wataalamu kutofautisha kufunikwa na kutokuwapo.

Swali hilo hilo hurudi kila mara barakoa ya tarakimu inapokosewa. Barakoa ya nyota ikiwa nyembamba kuliko nyota zenyewe, au ukali ukiongezwa kupita kiasi, kila nyota huzungukwa na pete nyeusi. Aitazamaye picha hiyo bila ya kujua ufundi aweza kuidhania pete hiyo kuwa vumbi, kama Barnard alivyoona vumbi la kweli. Kosa la namna hii lina dawa, kwani pete huonekana katika kila nyota na kwa upana ule ule, na mwenye kujua huitambua mara moja. Kuna kosa jingine lisilojitangaza.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 zimetokea programu, mojawapo ikiwa StarNet, ambazo huondoa nyota zote katika picha. Programu hizo hazipimi ukubwa wa vitu kwa kanuni iliyoandikwa na mtu, bali zimefundishwa kwa picha nyingi zenye nyota na zisizo na nyota, mpaka zikazoea kuzitambua. Matokeo yake ni mazuri mno. Fundi hupata wingu tupu, na akilitoa wingu hilo katika picha ya asili hubaki na nyota peke yake, ambazo ndizo barakoa bora ya nyota. Kazi iliyochukua saa nyingi humalizika kwa dakika chache.

Lakini kuna jambo moja lipasalo kusemwa waziwazi. Nyuma ya nyota yenye kung'aa, kamera haikuandika habari ya kutosha ya wingu, kwa sababu nuru ya nyota iliizidi. Programu inapoiondoa nyota hiyo haiachi tundu, bali hujaza mahali pake kwa wingu linalofanana na lililo jirani, kama ilivyojifunza. Wingu hilo laweza kuwa karibu na kweli, na laweza kuwa mbali nayo. Vyovyote viwavyo, halikupigwa picha. Mahali hapo barakoa imekuwa kinyago, maana uso umewekwa juu ya uso. Nyuzi ndogo inayoonekana ikipita chini ya mahali palipokuwa na nyota si ushahidi wa kitu chochote, hata ikiwa nzuri namna gani. Magamba ya Malin yalikuwamo katika bamba. Nyuzi hii haimo katika tarakimu za asili.

Hii si hoja dhidi ya ufundi, wala dhidi ya uzuri. Picha mashuhuri ya nguzo za nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995 na kutayarishwa na Jeff Hester na Paul Scowen, ina rangi ambazo jicho lisingeziona: nuru ya salfa ilipewa rangi nyekundu, ya haidrojeni kijani, na ya oksijeni buluu. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu kanuni ilitangazwa, na mwenye kuijua aweza kusoma katika rangi hizo mahali gesi ipi ilipo. Barakoa nayo yaweza kuwa na uaminifu huo huo, endapo mtu akiulizwa ameziba wapi, kwa kipimo gani, na kwa kutumia picha ipi, aweza kujibu.

Njia ya kujibu ilikwisha wekwa zamani. Katika mwaka wa 1981 wanafalaki walitangaza muundo mmoja wa faili za picha, uitwao FITS, na miongoni mwa mambo yanayoruhusiwa kuandikwa katika utangulizi wa kila faili ni mistari iliyotengwa kwa ajili ya historia, yaani habari za kila jambo lililotendwa juu ya picha hiyo. Mistari hiyo ni michache na haina gharama. Ikijazwa, atakayekuja baada ya miaka hamsini ataweza kurudi katika tarakimu za asili, afuate hatua zile zile, na aone kama atafika mahali pale pale. Ikiachwa tupu, picha hubaki kuwa pambo.

Kwa Kiswahili, basi, ambamo istilahi za ufundi huu hazijakaa imara, pana nafasi ambayo Kiingereza hakina. Chombo kinachotokana na picha yenyewe na kulinda sehemu zake chaweza kuitwa barakoa: barakoa ya nyota, barakoa ya nebula, barakoa butu. Tangu maradhi ya UVIKO-19 yalipoenea katika mwaka wa 2020, neno hilo limezoeleka hata kwa kitambaa cha kujikinga na maambukizo, nayo maana hiyo ya kukinga haipingani na kazi yake hapa. Kwa kile kinachotia katika picha jambo lisilorekodiwa, neno kinyago lafaa zaidi, nalo halina tusi ndani yake, kwani kinyago ni sanaa yenye heshima yake. Atazamaye ngoma ya mapiko ajua kwamba anatazama kinyago. Mtazamaji wa picha ya nyota astahili kujulishwa vivyo hivyo.